Mfadhili katuita tupeleke andiko la kuzuia moto, tuombe gari la zimamoto au nini?

"Habari ya kazi mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanakijiji, kaya zetu ni kama 140 na tumekaa chini ya mlima wenye msitu na nyasi ndefu. Karibu kila kiangazi moto unatushukia, mwaka juzi uliunguza nyumba 6 na mizinga yote ya nyuki. Sasa kuna mfadhili katuambia tupeleke andiko la mradi ndani ya wiki 6. Wenzangu wengi wanataka tuombe gari dogo la zimamoto na trekta la kulima njia pana kuzunguka kijiji kizima. Mimi nina wasiwasi kwasababu miaka ya nyuma tulishapata mradi, njia ikalimwa vizuri kabisa, pesa ilipoisha nyasi zikarudi na kikundi kikafa. Je tuombe nini hasa na tufanyeje usife tena? Na ni kweli wafadhili hawatoi mpaka na nyie muweke pesa yenu? Maana sisi hatuna."

Katibu, swali lako nimelisoma mara mbili, na kabla sijasema lolote poleni sana na zile nyumba 6, najua kwa aliyeunguliwa mwaka juzi ni kama jana. Afu nikwambie huo wasiwasi wako una msingi kabisa, usiuache wenzako wauzime kwenye kikao. Mradi wenu wa kwanza haukufa kwasababu njia ililimwa vibaya, umesema mwenyewe ililimwa vizuri. Ulikufa kwasababu ulilipia kazi ya mwaka mmoja kwenye jambo linalorudi kila mwaka. Nyasi hazijui kama mradi umefungwa, mvua ikinyesha zinaota tu. Kwa hiyo hili andiko jipya kabla halijasema tunanunua nini, liseme kwanza nani atafyeka mwaka wa nne na atapata wapi nguvu ya kufyeka. Hilo likijibika mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Tuanze na gari maana najua ndo litakalowagombanisha. Naelewa kwanini watu wanalitaka, ni kitu unakiona, kinapigwa picha, siku moto ukija unajua kuna pa kukimbilia. Lakini gari ni la kuzima, sio la kuzuia, na haya mawili watu wanayachanganya kila siku, hata serikali zenye pesa nyingi. Shirika la misitu la serikali ya Marekani mwaka 1995 lilikuwa linatumia kama asilimia 16 ya bajeti yake kwenye mambo ya moto, kufika 2015 ikapita nusu, na miaka ile moto ukizidi walikuwa wanachota hadi pesa iliyotengwa kusafisha misitu wakalipie kuzima, maana yake msitu unabaki na uchafu wake uleule, mwaka unaofuata unawaka zaidi, na pesa ya kuzima inatakiwa nyingi zaidi, wanazunguka humohumo. Mwaka 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa ripoti ya moto wa nyika duniani, ikaonyesha zaidi ya nusu ya matumizi inakwenda kuzima wakati mipango inaambulia chini ya asilimia 1, wakashauri theluthi mbili iende kwenye mipango, kinga, maandalizi na kurudisha hali baada ya moto, theluthi moja ndo ibaki ya kuzima. Ureno walijifunza kwa machungu, mwaka 2017 moto uliua watu zaidi ya 100 kwa mwaka mmoja, wakati huo kinga ilikuwa inapata kama asilimia 20 tu ya pesa yote ya moto, miaka iliyofuata wakaipandisha mpaka ikakaribia nusu.

Sasa nyie gari mkilipata, litataka dereva, mafuta, matairi, betri, maji ya kujaza na barabara ya kulifikisha moto ulipo, na kwenye mteremko wa mlima hiyo barabara mara nyingi haipo. Nimewahi kukuta pampu nzuri kabisa ya mradi imefunikwa na turubai, kisa kifaa kidogo cha kufyonzea maji kilikatika na hakuna aliyepangiwa pesa ya kukinunua. Mimi sisemi gari ni baya, kama kuna kituo cha zimamoto jirani chenye gari na watu, kaeni nao mkubaliane watawafikia vipi na maji watachota wapi, lakini kulimiliki nyie wenyewe kwa ruzuku ya mara moja, hapana, mimi sikushauri.

Sasa twende kwenye namna nyumba inavyoungua, maana hapa ndo pesa inapopotelea. Watu wengi wakifikiria nyumba kuungua wanaona ukuta wa moto unakuja kuimeza. Kwa kawaida haiendi hivyo. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Jack Cohen, amelifanyia kazi jambo hili miaka mingi, yeye na wenzake miaka ya mwisho ya 1990 walisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu wa kweli huko kaskazini mwa Canada, afu msitu ukawashwa makusudi. Ukuta uliokuwa mita 10 kutoka kwenye miti uliweza kushika moto, wa mita 20 na wa mita 30 haukushika. Ona hapo, moto unaowaka mpaka vilele vya miti, ukiwa mita 30 tu, joto lake haliwashi ukuta wa mbao, achilia mbali wa tofali.

Basi nyumba zinaungua na nini? Cheche. Upepo unabeba vipande vya majani na magome yanayowaka, vinatangulia mbele ya moto wenyewe, vinatua kwenye majani makavu juu ya paa, kwenye rundo la kuni mlilolisogeza ukutani lisinyeshewe, chini ya ngazi za mbao, vinaingia kwenye matundu ya hewa, na kama paa ni la nyasi ndo kabisa. Mji wa Paradise na maeneo ya jirani kule California, Novemba 2018, walikufa watu 85 na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea, na ukiangalia picha zilizopigwa baadaye unakuta nyumba imebaki majivu na mti uliosimama pembeni yake bado una majani ya kijani. Moto wa msitu haukupita pale kama unavyodhani, nyumba ilishikwa na cheche, ikawasha ya jirani, ya jirani ikawasha inayofuata.

Kwa hiyo pesa ya kwanza kabisa ianzie ukutani iende nje, isianzie mlimani ije chini. Mita moja na nusu kuzunguka nyumba kusiwe na chochote kinachoweza kuwaka, sio kuni, sio mabua, sio mkeka wa zamani, ikibaki udongo mtupu au changarawe ndo vizuri. Kutoka hapo mpaka kama mita 10 nyasi zikatwe zisizidi sentimita 10, majani makavu yakusanywe, matawi yaliyoinamia paa yapunguzwe. Kutoka hapo mpaka mita 30 hamfyeki kila kitu, mnapunguza tu, mnaondoa vichaka vilivyo chini ya miti ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia juu. Mapaa na mifereji yake isafishwe kabla kiangazi hakijakolea, na matundu ya hewa yawekwe wavu mgumu wa chuma wenye matobo madogo. Hii kazi haina mvuto kwenye picha, najua, lakini ndo inayookoa nyumba, na kwa kaya 140 sehemu kubwa ni reki, panga, fyekeo na siku chache za nguvu za watu. Muwahesabu kabisa wale wasioweza kujifyekea, wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, walemavu, wajane, maana nyumba moja iliyoachwa chafu inarusha cheche kwa wote, na kwa kaya hizo kumlipa kijana afyeke ni matumizi halali ya ruzuku ambayo mfadhili hatakataa.

Njia pana ya kuzunguka kijiji nayo isemwe ukweli wake. Njia inafanya kazi kwa moto wa nyasi siku ambayo upepo ni mdogo, na inafanya kazi zaidi ikiwa kuna watu wamesimama juu yake, kwasababu inawapa pa kupita, pa kusimama salama na pa kuanzia kuuzuia. Siku ya upepo mkali njia peke yake haina ujanja. Australia, Februari 2009, siku wenyewe wanaiita Jumamosi Nyeusi, watu 173 walikufa, na magome ya mikalitusi yaliyokuwa yanawaka yalibebwa na upepo yakawasha moto mpya zaidi ya kilometa 20 mbele. Hakuna trekta litakalolima njia ya upana huo. Tena kulima udongo uwe wazi kwenye mteremko kunaita korongo, mvua mbili tatu mnakuwa na shida nyingine mpya. Kama mnataka njia, chagueni vipande vichache, pale moto unapoingilia kweli, unganisheni na vitu ambavyo tayari havichomeki kama barabara, mto, mwamba, na iwe ya kufyekwa au kulishwa mifugo, trekta likae mbali na mteremko.

Hapo kwenye "pale moto unapoingilia kweli" nataka usimame kidogo. Umesema moto unawashukia. Moto unapopanda mlima ndo unakimbia, kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10 kasi yake inakuwa kama mara mbili, lakini ukishuka kwa kawaida unakwenda polepole. Kwa hiyo kama wenu unashuka na bado unawafikia kwa kasi, basi ama unasukumwa na upepo wa kushuka, ama magogo yanayowaka yanabingirika na kuwasha huku chini, ama hautoki juu kabisa, umewashwa pembeni na nyie mnauona ukiwa umeshakuwa mkubwa. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, na mimi nikiwa hapa siwezi kujua ni lipi. Nyie mnaweza.

Namna ya kujua ni hii. Moto mwingi duniani unawashwa na watu, hata Marekani ambako radi ni nyingi, kama asilimia 85 ya moto wa nyika chanzo chake ni binadamu. Kwa hiyo kaeni na wazee, wafugaji, wafuga nyuki, wakata kuni, muandike moto wa miaka 10 iliyopita, ulianzia wapi, mwezi gani, saa ngapi, nani alikuwa anafanya nini. Afu muingie kwenye mfumo wa NASA, shirika la anga la Marekani, unaoitwa FIRMS, ni bure, unaonyesha alama za moto zilizoonwa na setilaiti tangu mwaka 2000, na setilaiti mpya zaidi zenye kifaa kinachoitwa VIIRS zinaonyesha kwa vipande vya mita 375 kwa 375. Moto mdogo wa nusu saa setilaiti hazitauona, na penye mawingu hazioni, ndo maana kumbukumbu za wazee na ramani mnaviweka pamoja. Mkimaliza mtakuwa na karatasi moja yenye kijiji, mishale ya upepo na alama za moto, na nakwambia hiyo karatasi itamfanya mfadhili asome andiko lenu kuliko kurasa 20 za maneno ya mabadiliko ya tabianchi.

Angalizo moja hapa, kile kikao kisigeuke mahakama. Mkianza kutafuta wa kumshtaki watu watanyamaza na mtabaki na ramani ya uongo. Mnatafuta sababu. Kama wengi wanachoma kusafisha mashamba na upepo unawaponyoka, basi mradi ulipie siku maalum za kuchoma kwa zamu, asubuhi upepo ukiwa umelala, na kikosi cha watu 8 au 10 wenye mabomba ya maji ya kubeba mgongoni wasimame pale mpaka moshi uishe. Kama ni warina asali wanatumia mienge, nunueni mabomba ya moshi na mavazi ya kurinia. Kama ni wachungaji wanataka nyasi changa, zungumzeni kuchoma mapema, wakati nyasi bado zina unyevu, moto unakuwa mfupi, unazimika wenyewe usiku, na unaacha mabaka mabaka yaliyoungua ambayo moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi ukifika unakosa chakula. Hapo kuna dhana nyingine ya kuondoa, kwamba kuzuia moto ni kupiga marufuku kila moto. Ukipiga marufuku yote miaka mingi, uchafu unarundikana na siku ukiwaka hauzimiki. Wenyeji wa Arnhem Magharibi kaskazini mwa Australia walikuwa wanachoma mapema tangu zamani sana, wakarudia utaratibu huo kwa mkataba wa mwaka 2006, na kampuni ya gesi ikawa inawalipa kama dola milioni 1 za Australia kwa mwaka, kwasababu kuchoma mapema kulitoa kidogo zile gesi zinazoongeza joto duniani, ambazo watu wanaziita kwa pamoja hewa ya ukaa, kuliko ule moto mkubwa wa kiangazi.

Najua ukisoma hapo utauliza, kumbe na sisi tuuze hewa ya ukaa? Kwa sasa hapana. Eneo lao ni kama kilometa za mraba 28,000 na kuna wanasayansi wa kupima kila kitu, nyie kaya 140 gharama ya upimaji tu itameza mradi mzima. Anayewajia na ahadi hiyo muulizeni nani atalipia upimaji na nani atakuwa na hati ya ardhi kabla hamjasaini chochote.

Haya, pesa ya kwenu. Ni kweli wafadhili wengi wanataka mchango, ila sio lazima uwe noti. Chukua mfano wa mfuko mkubwa wa Marekani wa kinga ya moto kwa jamii, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2021 na kupewa dola bilioni 1 kwa miaka 5. Jamii iliweza kuomba mpaka dola 250,000 za kuandaa mpango wa kinga na mpaka dola milioni 10 za kuutekeleza, mchango wao ulikuwa asilimia 10 kwenye kuandaa na asilimia 25 kwenye kutekeleza, lakini jamii zenye kipato kidogo ziliweza kusamehewa huo mchango. Huyo sio mfadhili wenu, nimemtaja uone mambo mawili. La kwanza, hata wenye mabilioni wanataka mpango uje kabla ya kazi, hawatoi pesa ya kufyeka kwa watu wasiojua wafyeke wapi. La pili, msamaha upo, ila aliyenyamaza haupati. Mwandikieni mfadhili wenu wiki hii hii mumuulize kwa maandishi kama nguvu kazi inahesabika kama mchango, inahesabika kwa kiwango gani cha kibarua cha siku, na kuanzia tarehe gani, maana wengi hawahesabu saa mlizofanya kabla mkataba haujasainiwa.

Na nguvu kazi ni nyingi kuliko mnavyodhani. Kule Marekani pia kuna utaratibu unaitwa Firewise USA, mtaa ukitaka kutambuliwa unatakiwa kuonyesha kwa mwaka angalau saa moja ya kazi kwa kila nyumba. Nyie kaya 140 zikitoa siku mbili za saa 5 kila mwaka ni saa 1,400. Hiyo ni pesa, Katibu, ila inakuwa pesa ikiwa imeandikwa. Nunua daftari leo, jina, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi gani, saini, na picha kabla na baada kutoka sehemu ileile. Vikundi vingi nimeviona vinajiita maskini huku vimefanya kazi ya maana miaka mitatu bila kuandika hata mstari mmoja.

Mkitaka kumwonyesha mfadhili kwamba kinga inalipa, ipo tathmini ya Taasisi ya Taifa ya Sayansi za Ujenzi ya Marekani ya mwaka 2019, ilikuta kwenye ruzuku za serikali kuu za kupunguza hatari ya moto wa nyika kila dola 1 iliokoa kama dola 3 za hasara. Mtaje kama mfano wa huko, msiahidi kwamba na kwenu itakuwa tatu, mahesabu yenu yatokane na zile nyumba 6 na ile mizinga.

Kuhusu mgawanyo, ningekuwa nimekaa na kamati yenu ningependekeza karibu nusu ya pesa iende kwenye nyumba na zile mita 30 zake, na hapo ndani ziwemo kaya zisizojiweza. Kama robo iende upande moto unaoingilia, kufyeka vipande vya njia na kuchoma mapema mkiwa na mtaalamu. Kinachobaki ni vifaa vidogo, mabomba ya mgongoni, reki za chuma, vipigio vya kuupiga moto wa nyasi, buti, glavu, filimbi, simu au redio za kuitana, pamoja na mafunzo na ile kazi ya ramani. Afu ombeni pesa itolewe kidogo kidogo kwa miaka mitatu au minne badala ya yote mwaka wa kwanza, hata kama jumla itakuwa ndogo. Hapa mtabishana sana maana kamati nyingi zinaogopa kwamba pesa isiyochukuliwa leo kesho haipo, na hofu yao naielewa, lakini pesa yote ikija mwaka mmoja mnarudi kulekule kwa mradi wa kwanza.

Na baada ya mwaka wa nne? Hapa nawapa njia ninazoziamini, na hakuna hata moja isiyo na shida. Mifugo ni nzuri, kule Andalusia, Hispania, wachungaji wanalipwa na serikali ya jimbo kulisha mbuzi na kondoo kwenye njia za moto, mkaguzi anapita kuangalia nyasi zimeliwa kiasi gani ndo malipo yanatoka. Shida yake mifugo inataka makubaliano ya wazi, nani analisha wapi na lini, la sivyo mnahamisha ugomvi wa moto kuwa ugomvi wa malisho. Kuingia kwenye programu ya ajira za serikali ni njia nyingine, Afrika Kusini tangu 2003 wana Working on Fire inayoajiri maelfu ya vijana wa jamii maskini kufyeka, kuelimisha na kuzima, ila hiyo inategemea serikali iwepo na bajeti iwepo, kikundi hakiwezi kuiamua. Kuuza nyasi zilizokatwa kwa wenye mifugo inasaidia kidogo. Mchango wa kila kaya ndo mdogo kuliko vyote na ndo wa uhakika kuliko vyote, nao ukiwa siku mbili za kazi zenye tarehe iliyopitishwa kwenye mkutano wa kijiji, na kaya isiyokuja inalipa kibarua wa kuiwakilisha, mtashangaa unavyodumu.

Kitu kimoja msifanye kabisa, msilipe watu kwa kila moto wanaouzima. Inaonekana haki lakini ni hatari. Arizona mwaka 2002 moto wa Rodeo uliwashwa na mtu ambaye alikuwa kibarua wa kuzima moto na alikuwa anatafuta siku za kazi, ukaungana na mwingine, nyumba zaidi ya 400 zikaungua. Lipeni kwa eneo lililofyekwa na kukaguliwa, au kwa siku za doria. Kampuni moja ya karatasi Indonesia ilijaribu kinyume chake, kijiji kisichoungua msimu mzima kinapata zawadi ya miradi ya maendeleo ya hadi rupia milioni 100. Ni wazo zuri kwasababu linawafanya majirani waangaliane, ila zawadi ikiwa kubwa sana watu wanaanza kuficha moto badala ya kuutangaza mapema, na moto uliofichwa dakika 40 ndo huo unaokuja kuwashinda.

Sasa yale ambayo msiyafanye kwa kusoma maelezo yangu. Kuchoma mapema msikuguse mpaka awepo mtu wa misitu au wa zimamoto aliyesimamia kazi hiyo kwa mikono yake, aje eneo lenyewe, aangalie upepo, mteremko na unyevu wa nyasi, na kibali kiwepo kwa maandishi. Msumeno wa injini na miti iliyo karibu na nyaya za umeme, hivyo hivyo, iteni wahusika. Kama chini kuna udongo mweusi wa mbolea uliojaa mizizi na majani yaliyooza, yaani ardhi oevu iliyokauka, moto unaweza kuingia ardhini na kutembea wiki nzima bila kuonekana, hapo bila mtaalamu msiwashe hata kiberiti. Ardhi ya njia ikiwa ya mtu binafsi au ya hifadhi, pata barua ya mwenyewe kabla ya kuiweka kwenye ramani ya mradi. Na kama kikundi kilishakufa mara moja, muombeni mtu wa hesabu asiye mwanakikundi aje akae nanyi siku moja, akaunti iwe na saini tatu, na daftari la risiti lifunguliwe kabla pesa haijaingia. Akitokea mshauri anayetaka asilimia fulani ya ruzuku ili awaandikie, muulizeni mfadhili kwanza kama anaruhusu, wengi hawaruhusu, na andiko likiandikwa na mtu asiyejua moto wenu unatokea wapi linasomeka hivyo hivyo.

Wiki 6 zinatosha. Mbili za kwanza ni ramani na kupita nyumba kwa nyumba mkihesabu paa gani, kuni ziko wapi, nani hajiwezi. Ya tatu ni mkutano wa kijiji wa kupitisha zile siku mbili za kazi, muhtasari upigwe muhuri uwe kiambatanisho. Ya nne na ya tano mnaandika, ya sita mnampa mtu asiyejua lolote kuhusu moto alisome aseme hajaelewa wapi. Na kwenye ratiba ya pesa muombe awamu ya kwanza itoke wakati mvua zinaisha, nyasi zikiwa bado mbichi. Mfadhili akisema pesa yake inatoka katikati ya kiangazi, mwambieni mtaitumia mwanzoni kwa nyumba, vifaa na mafunzo tu, kazi ya mlimani ihesabiwe msimu unaofuata, na hilo liandikwe kwenye mkataba, kwasababu akija mkaguzi mwezi wa upepo atataka kuona mmefyeka, na kuna vikundi vimewahi kwenda kuchoma njia kwenye jua kali ili tu ripoti ikamilike.